Isale Lililoota Nyuma ya Jiko: Kumuaga Mwalimu Ndelilio Munuo

Mwalimu Ndelilio Munuo anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Amefundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Uru kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi, na katika muda wote huo hajawahi kuchelewa kipindi cha kwanza, hata zile siku za Mei ambapo barabara ya kupandia huku inageuka uji.

Mimi ni Mektrida, mpishi. Nimepika hapa miaka thelathini, na ndiyo maana mkuu wetu wa shule, Mwalimu Stella, amesema wasifu huu niutoe mimi, kwa kuwa walimu wengine wote wamemkuta Ndelilio ameshaota mvi. Shule sikukanyaga. Mimi nasema, Mwalimu Gladness anaandika na ndiye atakayewasomea, na nimemkataza kupamba. Mkuu aliniagiza hivi: "Bibi, iwe fupi, ichekeshe, na ile ya maharage usiisahau."

Sitaisahau. Subirini.

Alifika Januari 1992, kijana mwembamba kutoka Machame, na begi moja na redio. Watu wa hapa tulicheka. Mlutheri, tena Mmachame, anakuja kuwafundisha Wakatoliki wa Uru lugha ya Wazungu! Kimachame chake na Kiuru chetu havielewani vizuri, kwa hiyo hata kuomba maji alilazimika kuomba kwa Kiswahili. Mzee wangu alisema, "Huyu muhula haumalizi." Mzee wangu ametutoka, Mungu ampumzishe, na ile redio ya Mwalimu bado inaongea.

Jiko langu na darasa la Kidato cha Kwanza vinatazamana dirisha kwa dirisha. Kwa hiyo mimi ndiye mwanafunzi wake wa siku nyingi kuliko wote, ila mtihani sijafanya.

Kila Januari, watoto wapya wakiingia, somo lake la kwanza ni neno moja tu. Analiandika ubaoni, anageuka: "Hili mnalijua wote. Sori." Watoto wanacheka, nani asiyejua sori? Hapo ndipo anapoanza vituko vyake. Anamkanyaga mmoja mguu kidogo, sori. Anajifanya hakusikia swali, anatega sikio, sori? Anakuwa mwenye duka, mkate umekwisha, sori. Anakuwa nesi na sindano yake. Anakuwa mtu anayetaka kukubishia, anakuanzia na sori kama vile anakupaka mafuta kabla ya kukuchapa. Halafu anakuwa mtu aliyefika msibani. Anainamisha kichwa, sauti inashuka, na darasa zima linanyamaza. Anawaambia hata nyumba iliyobomoka, hata mbwa mwenye mbavu nje, Mzungu ana namna ya kumwita kwa neno hilo hilo.

Mwishoni anauliza: "Na aliyekosa kweli, akajua moyoni amekosa, yeye aseme nini?"

"Sori!" watoto wanaitikia wote.

"Sasa mtamjuaje, huyu na yule aliyekanyaga mguu?"

Kengele inalia. Miaka yote hiyo hajawahi kuwapa jibu.

Mimi nikikoroga uji nilikuwa nasema peke yangu, hawa Wazungu kweli ni watu wa sufuria moja. Wanasongea ugali humo, wanachemshia chai humo, na maji ya kuoga humo humo. Sisi tuna pole, tuna samahani, tuna nisamehe, tuna nimekosa mimi, kila moja na sufuria yake. Nilijiona nina akili kuliko wao. Mtaona akili hiyo ilinifikisha wapi.

Matunda ya somo lile yapo. Wilson, aliyesoma hapa na sasa anaongoza wageni mlimani, alipita jikoni mwaka juzi akanisimulia. Alisema mgeni akiwa juu huko kwenye baridi, akakwambia sori, ukikosea ni sori gani unaweza kumwacha mtu mgonjwa ukidhani anakuomba njia. "Bibi, yule mzee na vituko vyake ameniokolea wageni," alisema. Nikampa mtori, akala bakuli tatu, akaniambia sori kwa kumaliza sufuria. Hiyo nilimsamehe.

Mwalimu huyu amefundisha Kiingereza, amefundisha mpira wa wavu, ameanzisha bustani ya kahawa ya shule pale chini ya bweni la wasichana, na amewahi kumzalisha ng'ombe wa shule akiwa na tai shingoni. Alimfundisha na mpishi kuandika jina lake. Hiyo ya mpishi nataka muijue vizuri, maana ndiyo inayonichoma.

Zamani nilikuwa natia dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Siku moja akaniona nafuta wino kwenye kanga. Kesho yake akaja jikoni, akaokota kipande cha mkaa, akaandika ukutani: Mektrida. Akasema, "Mama, huyu ni wewe. Mnakili mpaka mkono umzoee." Nilinakili wiki tatu, ukuta ukawa mweusi kama chungu. Siku niliyotia sahihi yangu ya kwanza alipiga makofi peke yake ofisini, mpaka karani akadhani kuna mgeni.

Sasa maharage.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Mei 2014. Watoto wa bweni walikula maharage saa saba, na kufika saa kumi sitini na wawili walikuwa wanatapika. Uwanja mzima ulikuwa watoto wamejikunja. Muuguzi alipanda kutoka zahanati na maji ya chumvi na sukari, na kwa neema ya Mungu kufika kesho yake wote walikuwa wamesimama. Mwalimu wa zamu alikuwa Ndelilio. Na utaratibu wetu unajulikana: chakula hakitoki jikoni kabla mwalimu wa zamu hajaonja. Ikasemwa hakuonja. Bodi ya shule ikakaa. Alikuwa amekwisha kupitishwa kuwa makamu mkuu wa shule. Cheo kile kikaenda kwa mwingine, yeye akapewa barua ya onyo. Watoto nao wakampa jina. Mwalimu Maharage. Miaka kumi na moja na nusu anaitwa Maharage. Wakimaliza shule wanawaachia wadogo zao. Mkewe, Eunike, aliwahi kuitwa sokoni mjini Moshi, mbele ya watu, "Mke wa Maharage!" Akageuka akatabasamu, akaendelea kuchagua nyanya.

Hiyo ndiyo hadithi mnayoijua, ambayo kila sherehe mnaisimulia tunacheka. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi, tena kwa sauti.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Jumamosi ile mtoto wa kaka yangu, Bernadetha, alikuwa anapata kipaimara parokiani. Nilitaka kuwahi sherehe. Kuni zilikuwa zimelowa, moto haukuwaka, unafuka tu. Na yale yalikuwa maharage mekundu makubwa, ambayo mpishi yeyote anajua yana hasira, yasipochemka sawasawa yanatapisha. Nilibonyeza moja kwa kidole, nikaona bado. Nilijua bado! Nikaepua.

Mwalimu alikuja na sahani yake na kijiko kuonja. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia, "Mwalimu, nimeonja mwenyewe, yameiva. Kaangalie watoto wako." Akasema, "Ukisema wewe, Mama, basi." Akarudi na sahani tupu. Mimi nikafunga kitenge changu kipya nikashuka parokiani.

Waliponiita nikapanda mbio, nikamkuta amembeba mtoto mmoja mgongoni. Aliponiona, akili ikamruka, akanipigia kelele uwanjani, wanafunzi wote wanasikia: "Mama! Ulitaka kuua watoto?" Mimi, mtu mzima, niliyemzidi miaka kumi na moja, nakaripiwa kama mtoto wa darasa la pili. Nilikasirika sana. Nilikasirika zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jumatatu Sylvanus, mtunza stoo wetu wa zamani, akaja na karatasi ya maelezo kutoka ofisini, akanisomea: "Maharage yaliiva vizuri na yalionjwa." Akauliza, "Ndivyo ilivyokuwa, Mektrida?" Nikasema ndivyo. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa kwa mkaa. Sijui kama mnanielewa. Mkono alionipa yule mtu, ndio nilioutumia.

Siku ya nne, jioni, Mwalimu akaja mlangoni pa jiko. Hakuja mikono mitupu. Alikuja na isale, lile jani letu la mpakani, kichwa kizima na kipande cha shina lake, jani moja limefungwa fundo, na Sylvanus amemtangulia mbele awe msemaji wake, kama desturi inavyotaka. Kwa wageni waliopo leo: Mchaga akikuletea isale anakuomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata kama alikuulia ng'ombe. Hata kama mna damu kati yenu. Machame ni hivyo, Uru ni hivyo, Marangu ni hivyo.

Sylvanus akasema, "Mektrida, mwenzako amekuja."

Mwalimu akasema, "Shikamoo, Mama. Nimekukosea. Nimekupigia kelele mbele ya watoto, na wewe ni mama yangu. Nimekosa mimi."

Hakutumia sori. Yeye mwalimu wa Kiingereza.

Na mimi, niliyekuwa na kosa lote tumboni, nilifanya nini? Nililinyakua lile isale nikalitupa dirishani, kwenye mfereji wa maji ya vyombo. Nikamwambia, "Majani yako wapelekee ng'ombe wenu huko Machame!"

Sylvanus akashika kichwa. "Mektrida! Isale halikataliwi!"

"Mimi nimelikataa. Andikeni."

Mwalimu akaondoka. Kesho yake asubuhi akanipa shikamoo kama kawaida. Sikuitika. Muhula mzima alinisalimia kila asubuhi, na muhula mzima marahaba yangu niliifungia mdomoni. Kwetu hata adui huitikiwa shikamoo.

Nilijiambia hivi: amekwenda kunishtaki kwenye bodi. Nilisadiki hivyo miaka mitano. Ilinifaa kusadiki.

Mwaka 2019 Sylvanus alipokuwa anakaribia kustaafu, tulikuwa tunachambua maharage stoo, nikamwambia nashangaa bodi haikunifukuza wakati ule. Akanitazama. "Kwani hujui? Wewe umekaa na hilo miaka yote hujui?"

"Nijue nini?"

"Karatasi ya Ndelilio niliipeleka mimi. Aliandika mistari mitatu tu: 'Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sikuonja. Kosa ni langu.' Nikamwambia, 'Mwalimu, ongeza kwamba Mektrida alikuzuia.' Akasema, 'Yule mama ana wajukuu wanne wanamtegemea, mimi nina cheti, sitakufa njaa.'"

Nilikaa juu ya gunia. Sylvanus akaendelea kuchambua, hakuniangalia tena, na namshukuru kwa hilo.

Mngedhani nilitoka pale moja kwa moja nikaenda kupiga magoti. Sikwenda. Nilimaliza siku tatu. Ya nne nikakutana naye kwenye kijia cha bomba, mimi na ndoo kichwani, yeye na madaftari kwapani. Nikamwambia nikipita, bila kusimama, bila hata kutua ndoo: "Sori, Mwalimu. Kwa yale ya siku zile."

Akasema, "Haina neno, Mama."

Nikaenda zangu nikijiona mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka Januari. Watoto wapya wakaingia, neno likaandikwa ubaoni, na mimi dirishani na mwiko wangu nikamwona anamkanyaga mtoto mguu: sori. Kisha akauliza lile swali lake la mwisho, utamjuaje huyu na yule. Nikajijua. Ya kwangu ilikuwa ile ya mguu. Niliona aibu mpaka uji ukashika chini, na siku ile shule nzima ilikunywa uji wenye harufu ya moshi. Waliodhani ni kuni, haikuwa kuni.

Na lile isale? Hilo nalo lina kichwa kigumu. Nilipolitupa lilidondoka kwa upande wa shina, na maji ya vyombo hayakauki pale. Likashika. Mwaka wa pili lilikuwa limefika kiunoni. Nilipoliona nilichukua panga nikalikata. Likatoa vichwa viwili. Nikalikata tena mwaka uliofuata, nikaona napoteza nguvu, maana masale ukiyakata ndio unayaongeza. Sasa limepita paa la jiko. Siku moja mbuzi walilikanyaga likalala, na kabla sijafurahi nikamwona Mwalimu amechuchumaa pale mferejini, anachomeka fimbo na kulifunga kwa kamba ya mgomba lisimame. Alijua ni lile. Mimi nilijua anajua. Alinawa mikono kwenye ndoo yangu, akasema, "Shikamoo, Mama," nikasema, "Marahaba, baba," akaenda darasani.

Amepita mbele ya isale lile kila siku ya kazi miaka kumi na moja na nusu.

Mwalimu Stella, uliomba ya kuchekesha, nisamehe. Hata sasa Mwalimu Gladness amesimamisha kalamu mara mbili akaniuliza, "Bibi, una hakika?" Nina hakika. Kama bodi itaona ni vema nishike njia, nitashika njia. Umri wenyewe ulishanipitisha, mnaniweka hapa kwa kunihurumia. Lakini huyu mtu hashuki mlima huu na jina ambalo si lake.

Kwa hiyo wanafunzi, wa sasa na wa zamani, nisikieni. Maharage ni mimi. Maharage ya Mei 2014 niliyaepua mimi, nikijua ni mabichi, kwa sababu ya kuwahi sherehe na kitenge kipya. Mwalimu Ndelilio alikuja kuonja, nikamfukuza, na karatasi niliyotia sahihi ilikuwa ya uongo. Atakayetaka kumwita mtu Maharage kuanzia leo, jikoni nipo, aniite, nitaitika. Mama Eunike, wewe ulitabasamu sokoni kwa ajili ya aibu yangu. Nimekosa mbele yako pia.

Mwalimu, sasa naongea na wewe. Asubuhi ya leo nimekata kichwa cha isale lile lile, nikafunga fundo jani moja. Sylvanus nimemtuma mtu amlete. Anatembea na mkongojo siku hizi, lakini amesema hata kwa kutambaa atakuja kuwa msemaji wangu. Wimbo wa shule ukiisha, mtatuona tunakuja meza kuu. Isale halikataliwi, lakini mimi nililikataa, kwa hiyo wewe kwangu hufungwi na sheria hiyo. Ukilitupa dirishani nitaona ni haki, na mtu yeyote asikunung'unikie. Ukilipokea, lipande kwako Machame, mahali penye maji. Litakusumbua. Halijui kufa.

Shule inakushukuru kwa watoto uliowafungua masikio. Mimi nakushukuru kwa jina langu ukutani, na kwa wajukuu wanne waliokula. Mungu akupe miaka ya kukaa kihambani kwako, chini ya migomba yako, ukisikiliza redio, ng'ombe wenye maziwa, kahawa isiyougua, na watu wa kukuita kwa jina alilokupa baba yako.

Chakula cha leo ni kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mekundu. Yamekaa motoni tangu alfajiri, kuni zilikuwa kavu. Hakuna atakayepakuliwa kabla yako. Nimesema yameiva, lakini usinisadiki. Chukua kijiko, Mwalimu, uonje mwenyewe.